Anayelipwa ni nani? Neno "pay" na hasira ya mdai

Jioni moja mama wa jirani alikuja dukani kwa Mangi, hapa mtaani kwetu, kufuta deni lake la mwezi. Mangi akalitoa daftari chini ya kaunta na kulifungua kwenye ukurasa wa mama huyo: unga kilo mbili, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, sukari nusu, unga tena. Mama akahesabu noti zake. Mangi akazihesabu upya, akachukua rula na kalamu nyekundu, akakata ukurasa wote pembe hadi pembe. "Haya mama, tumemalizana." Mama akashusha pumzi, akaanza kuuliza habari za mke wa Mangi na mvua za Rombo. Dakika tano kabla, alikuwa anaongea huku macho ameyaweka kwenye ndizi.

Kijana wa Mangi, yupo kidato cha tatu, alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele anafanya kazi ya Kiingereza. Akanigeukia. "Shikamoo anko. Mwalimu anasema 'pay attention' maana yake tuwe makini. Lakini 'pay' si kulipa? Sasa hapo tunalipa nini, na anayetudai ni nani?"

Mimi riziki yangu ni kufasiri nyaraka, mikataba kwa sehemu kubwa, na kitenzi "pay" nakutana nacho kila siku ya kazi. Nakiandika "lipa" na kusonga mbele. Lakini swali la kijana lilikuwa la kweli, na jibu lake ni refu kuliko kaunta ya duka. Kwa kifupi nilimwambia hivi: neno hilo lilipozaliwa halikuwa na hela ndani yake. Lilikuwa na mtu aliyekasirika, na mwingine anayetafuta namna ya kumtuliza.

Tuanzie karibu, twende nyuma.

Kiingereza hakikuzaliwa na neno "pay". Kililipata kwa Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliovuka bahari mwaka 1066 chini ya William, wakamshinda mfalme wa Waingereza karibu na Hastings na kuitwaa nchi. Kwa vizazi kadhaa baada ya hapo, mahakama, ardhi na hazina ya mfalme viliendeshwa kwa Kifaransa na Kilatini. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana jambo la namna hii. Kiswahili nacho maneno yake ya barazani kiliyachukua kwa Kiarabu: sheria, hakimu, hukumu, dhamana, deni. Lugha ya wenye daftari huwa inawaachia wengine msamiati wa madai.

Wanormani walisema "paier". Kufikia mwaka 1200 hivi, Waingereza walikuwa wanasema "paien". Na maana yake ya kwanza katika Kiingereza ilikuwa kumridhisha mtu, kumfurahisha, kumtoa kinyongo. Maana ya kutoa fedha ilikuwa pembeni yake, zinatembea pamoja. Kuna shairi la karne ya 14 liitwalo Pearl, la mtunzi asiyejulikana jina, ambalo mstari wake wa kwanza kabisa unaitaja lulu inayofaa kwa "paye" ya mwana wa mfalme. Msomaji wa leo akidhani lulu hiyo ni ujira wa mwana wa mfalme, amepotea. "Paye" hapo ni furaha yake, ridhaa ya moyo wake. Na mtu aliyechukizwa aliweza kuelezwa kwamba "amelipwa vibaya", kwa maana kwamba moyo wake haukuridhika. Ilipofika mwaka 1500 hivi, maana hiyo ya kuridhisha ilikuwa imekufa, ikabaki fedha peke yake. Neno likapoteza uso wa mtu, likabaki na noti.

Kifaransa chenyewe kiliitoa "paier" kwenye Kilatini "pacare". Mhispania na Mreno wanasema "pagar", Mwitaliano anasema "pagare", Mfaransa wa leo "payer". Wote ni watoto wa mama mmoja. Na "pacare" ni kitenzi kilichotengenezwa kutokana na "pax", yaani amani. Kwa hiyo ukilifunua neno "pay" hadi mfupa, unakuta "kuamanisha", kama Kiswahili kingekuwa na kitenzi hicho.

Hapa ndipo watu wengi huishia: kulipa ni kuleta amani, basi, wanaona inapendeza, wanaondoka. Mimi naona hapa ndipo mambo yanapoanza, maana lazima tuulize Warumi walikuwa na amani ya namna gani vichwani mwao.

"Pax" haikuwa utulivu wa moyoni. Mzizi wake ni wa kukaza, kugongomea kitu kikashika. Mzizi huohuo umezaa "pactum", makubaliano, ambalo Kiingereza kinalo kama "pact". Amani ya Mrumi, basi, ilikuwa kitu kilichofungwa kati ya pande mbili, kama sisi tunavyofunga ndoa na kufunga mkataba. Haikutokea yenyewe. Watu wawili waliokuwa na neno kati yao waliketi, wakakubaliana, wakakaza.

Ushahidi wake upo kwenye sheria za kale kabisa za Roma, zile ziitwazo Vibao Kumi na Viwili, zilizoandikwa yapata mwaka 451 hadi 450 KK. Vibao vyenyewe havipo tena. Tunavyo vipande tu, vilivyonukuliwa na waandishi wa baadaye. Kimoja kinahusu mtu aliyemlemaza mwenzake, na kwa Kilatini hakifikii maneno kumi. Nikikigeuza kwa Kiswahili kinasema: akimharibu mwenzake kiungo, na asipopatana naye, basi kisasi kiwepo. Neno la "asipopatana" hapo ni "pacit", kitenzi cha kizamani cha ukoo uleule wa "pax".

Soma tena sentensi hiyo polepole. Sheria haisemi mkosaji atoe kiasi gani. Inatambua milango miwili tu. Wa kwanza: nenda kwa uliyemuumiza, kaa naye, mpe kitakachomtuliza, mfunge neno. Wa pili: ukishindwa kumtuliza, kiungo chako kitakwenda kama chake kilivyokwenda. Kupatana ndiko kunakozuia kisasi. Kwenye kipande kile kifupi, "pay" ya leo ipo tumboni, bado haijazaliwa, lakini viungo vyote vimeshatimia: kosa, aliyekosewa, hasira yenye haki, na kitu cha kutoa ili hasira hiyo ishuke.

Sheria hizohizo ziliweka bei kwa makosa mengine. Ukimvunja mtu huru mfupa, sarafu 300 za shaba. Ukimvunja mtumwa, 150. Kwa matusi ya mwili madogo, kama kibao cha shavuni, 25. Siku zile 25 zilikuwa fedha ya kuuma. Karne zilipopita thamani ikaporomoka, sheria ikabaki palepale.

Ndipo akatokea mtu aliyeitwa Lucius Veratius, ambaye kisa chake kimehifadhiwa na Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2 BK. Veratius alikuwa tajiri mwenye jeuri ya ajabu. Starehe yake ilikuwa kutembea mjini akiwachapa makofi watu huru. Nyuma yake alifuata mtumwa amebeba mfuko uliojaa sarafu, na kila aliyechapwa alihesabiwa zake 25 palepale, kama sheria ilivyoagiza. Anachapa, mtumwa anahesabu, wanasonga mbele.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi. Kila mtu alilipwa, tena taslimu, bila kucheleweshwa hata saa moja. Lakini hakuna hata mmoja aliyetulizwa. Kila sarafu iliyoingia mkononi ilikuwa kofi la pili. Maafisa wa sheria wa Roma waliliona hilo, wakaiacha bei ile ya kudumu na kuweka waamuzi wa kupima kila shauri kwa uzito wake. Ninavyoliona mimi, walikuwa wanajaribu kurudisha kwenye malipo kile ambacho Veratius alikuwa amekiondoa, yaani aliyeumizwa.

Lakini nisikimbie. Mrumi wa wakati wa Julius Caesar, akitaka kusema "nimelipa deni langu", hakusema "pacare". Alikuwa na maneno mengine. Moja ni "pendere", kupima kwa mizani, kwa sababu kabla ya sarafu shaba ilipimwa kwa uzito. Humo ndimo yalimotoka "spend" na "pension" ya Kiingereza. Lingine, lililotawala mahakamani, ni "solvere", maana yake kufungua, kulegeza.

Kufungua nini? Mtu. Katika Roma ya mwanzo, mkopaji aliweza kuuweka mwili wake rehani kwa mkopo, na hali hiyo iliitwa "nexum", neno la kufunga na kusokota. Hata kwa deni la kawaida, Vibao Kumi na Viwili vilimpa mdaiwa siku 30 baada ya kukiri au kuhukumiwa. Zikipita hajalipa, mdai aliruhusiwa kumkamata, kumpeleka kwake na kumtia minyororo. Mfungwa angeweza kula chakula chake mwenyewe kama anacho. Kama hana, mdai alitakiwa kumpa ratili moja ya nafaka kwa siku. Alikaa hivyo siku 60, na mwishoni akatolewa hadharani siku tatu za gulio mfululizo, kiasi anachodaiwa kikitangazwa, pengine atokee wa kumkomboa. Asipotokea mtu, aliweza kuuzwa utumwani ng'ambo ya mto Tiber.

Mwanahistoria Livy anasimulia jinsi "nexum" ilivyokoma. Kijana mmoja, Gaius Publilius, alikuwa amejitoa kuwa mfungwa kwa deni la baba yake. Mdai, Lucius Papirius, alimtamani. Kijana alipokataa, alivuliwa nguo na kuchapwa mijeledi. Akachomoka, akakimbilia barabarani na mgongo wake ukiwa umepasuka, watu wakaona, mji ukachafuka. Livy anaiweka sheria iliyofuata katika mwaka 326 KK: mali ya mdaiwa ndiyo itakayojibu deni, mwili wake usijibu tena. Anasema kwa watu wa chini ilikuwa kama mwanzo wa pili wa uhuru.

Basi kwa Mrumi wa zamani kulipa kulikuwa ni kujifungua mwenyewe. Jicho lipo kwa mdaiwa. Karne nyingi baadaye, dola la Roma limeshaanguka upande wa magharibi na Kilatini kimeanza kuvunjika kuwa Kifaransa na Kihispania, watu wakahamisha jicho. Wakaacha kusema mdaiwa amejifungua, wakaanza kusema mdai ametulizwa. "Pacare" ikachukua nafasi. Mkopeshaji anayebisha hodi asubuhi ndiye aliyegeuka kitovu cha tendo zima, na kitenzi cha kulipa kikawa kitenzi cha kumfanya aondoke mlangoni ameridhika.

Lakini kati ya hapo "pacare" ilikuwa na kazi nyingine, chafu zaidi, na haifai kufichwa. Caesar alipoandika kuhusu vita vyake, mwishoni mwa mwaka 57 KK alisema Galia yote, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake, "imetulizwa". Kitenzi ni hichohicho. Alimaanisha majeshi yamevunjwa, miji imesalimu amri, mateka wametolewa. Miaka mitano baadaye Galia iliyotulizwa iliinuka chini ya Vercingetorix, ikabidi itulizwe tena. Tangu hapo neno hilo limekuwa kipenzi cha wenye bunduki. Maafisa wa kikoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki nao waliliandika kwenye ripoti zao kwa umbo la "pacify", na mara nyingi mwisho wa kutulizwa huko ulikuwa watu kuswagiwa ng'ombe wao kama faini.

Kwa hiyo kitenzi kimoja kina mikono miwili. Mwenye nguvu akikasirika, hutulizwa kwa kupewa. Mnyonge akikasirika, hutulizwa kwa kupigwa. Kiingereza kimeitenga mikono hiyo kwa maneno mawili, "pay" na "pacify", mtu asiyechimba hawezi kujua kwamba ni ndugu wa baba mmoja.

Waingereza wenyewe waliujua mkono wa kwanza kabla hata ya kuwa na neno lake. Mwaka 991 wavamizi wa Kiviking waliwashinda pale Maldon, na utawala wa mfalme Æthelred ukawapa ratili 10,000 za fedha waondoke. Wakaondoka, wakarudi. Mwaka 994 ikawa 16,000. Mwaka 1002, 24,000. Mwaka 1012, 48,000. Mtu anayetulizwa kwa fedha hujifunza haraka kwamba hasira yake ni mtaji.

Na walikuwa na mpango wa kupatana baina yao pia. Æthelberht, mfalme wa Kent, aliweka sheria yapata mwaka 600, na ndizo za kale kuliko zote zilizopo kwa lugha ya Kiingereza. Ni orodha ya mwili wa binadamu ikiwa na bei: jicho likitobolewa shilingi 50, dole gumba 20, sikio likikatwa 12. Ukiisoma haraka utadhani ni ukatili. Lakini ilikuwa ukuta kati ya koo mbili zenye mikuki, ili aliyepoteza jicho awe na kitu cha kupokea badala ya kwenda kutoboa la mwingine. Kitenzi chao cha kulipa kilikuwa "gieldan", ambacho Mjerumani anacho leo katika "Geld", yaani hela, na Mwingereza amebaki nacho katika "yield", kusalimu amri au shamba kutoa mazao. "Pay" ya Wanormani ilipofika, "gieldan" ikasogea pembeni.

Sasa turudi nyumbani, maana kijana wa Mangi aliuliza kwa Kiswahili.

"Lipa" yetu ni neno la Kibantu halisi, lina ndugu bara zima. Wakikuyu wanasema "rĩha", Wachewa "lipa", Wasotho "lefa". Washona wa Zimbabwe wanasema "ripa", na kwao kitenzi hiki kinaegemea kwenye kufidia kosa. Wana usemi "kuripa ngozi". Ngozi kwao si ya mwili. Ni roho ya mtu aliyeuawa, inayorudi kuisumbua familia ya muuaji, magonjwa na vifo visivyokwisha, hadi familia hiyo ikubali kosa na kutoa ng'ombe kwa watu wa marehemu. Ukimwambia mzee wa Kishona kwamba neno la Kiingereza la kulipa asili yake ni kumtuliza aliyekasirika, hatashangaa hata kidogo. Yeye analipa hata waliokwisha kufa.

Kiswahili kina hilo pia, tumelizoea mno ndiyo maana hatulioni. Tunalipa deni, na tunalipiza kisasi. Kitenzi ni kilekile, kimeongezwa kiungo tu. Vile Vibao vya Roma viliweka kupatana na kisasi kama milango miwili ya chumba kimoja, nasi tumeviweka katika shina moja la neno. Tunasema dawa ya deni ni kulipa, kana kwamba deni ni homa. Mtu akidaiwa laki na ana elfu ishirini, anaambiwa "mpoze kwanza na hiyo." Kumpoza nani? Mdai, maana amechemka. Hiyo ndiyo "pacare" yenyewe, imevaa kanga.

Na kuna neno moja la serikali ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Tanzania, tembo wakiingia shambani wakala mahindi, mwenye shamba hupewa kitu kinachoitwa kifuta jasho. Mamba au simba akimjeruhi au kumuua mtu, hutolewa kifuta machozi. Kanuni zake zilitungwa mwaka 2011, na viongozi wamerudia mara nyingi kwamba hiyo si fidia. Watu hulalamika kuwa ni kidogo, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini kama mfasiri naheshimu ukweli wa jina lenyewe. Fidia inadai kwamba kilichopotea kina thamani na thamani hiyo imerudishwa. Kifuta machozi hakidai hivyo. Kinakiri kwamba mtoto aliyechukuliwa na mamba hana bei, na kwamba kilichobaki ni uso wa mama unaolia, na kitambaa. Maana ya kale ya "pay", ile iliyokufa kwenye Kiingereza kabla ya mwaka 1500, inaishi hapo.

Hata "tumemalizana" ya Mangi ina wenzake huko. Kiingereza kina "finance", neno kubwa la mabenki, nalo limetoka kwenye Kifaransa cha zamani "finer", kumaliza, kumalizana na mtu kwa kumpa chake, na nyuma yake ni "finis" ya Kilatini, mwisho. Kina pia "quit" na "acquit", kutoka "quietus", aliyetulia. Hazina ya wafalme wa Uingereza, mtu akimaliza kutoa hesabu zake, ilimwandikia kwa Kilatini "quietus est", ametulia, hadaiwi tena. Mstari mwekundu wa Mangi ni hati hiyohiyo. Na yule mama aliposhusha pumzi, alikuwa ametulia kwa maana ya Kilatini kabisa. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, ila matanga nayo yana siku ya kuanua, watu wakarudi kusalimiana.

Inabidi niweke tahadhari mbili, kwa sababu asili ya maneno ni eneo ambalo watu huteleza kwa raha.

Kwanza, kujua neno lilikotoka hakumfanyi anayelitumia leo awe amekosea. Mhasibu anayeandika "pay" kwenye hundi hamtulizi mtu yeyote. Anahamisha fedha, na hilo ndilo neno linalomaanisha sasa. Asili inatuonyesha njia neno lilikopita. Haimpi mtu mamlaka ya kuwasahihisha wenzake.

Pili, kuna "pay" nyingine ambayo si ndugu wa hii. Mabaharia wa Kiingereza wa zamani waliitumia kwa kupaka lami kwenye maungio ya mbao za meli ili maji yasiingie, kazi ambayo mafundi wetu wa majahazi hufanya kwa kalfati. Hiyo imetoka kwenye "pix", lami. Sauti imefanana, ukoo ni tofauti kabisa.

Sasa "pay attention". Nilimweleza kijana kwamba Kiingereza, baada ya kuifanya "pay" kuwa neno la kutoa kinachostahili, kilianza kulitumia kwa vitu vingine vinavyostahili kutolewa na visivyo fedha: heshima, ziara, usikivu. Anayezungumza nawe anastahili masikio yako, ni kama anakudai, basi mpe. Sisi katika hayo tunatumia "toa": tunatoa heshima za mwisho, hatulipi heshima. Na masikio tunayatega. Kwa hiyo akifasiri, aandike "tega sikio" au "kuwa makini", asilete "lipa". Akakata alichokuwa ameandika, akaandika upya.

Halafu akainua macho kwenye kibao juu ya kichwa cha baba yake, kile cha rangi ya mafuta kilichopauka, LEO TASLIMU KESHO MKOPO, akauliza, "Na taslimu je, anko?"

Taslimu ni Kiarabu, kutoka kitenzi "sallama", kukabidhi kitu kikafika mkononi kwa mwenyewe. Mzizi wake ni s-l-m, uleule wa salama, salimu na salamu. Njia yake si ileile ya Warumi. Wao walianzia kwa mtu mwenye hasira wakafika kwenye fedha. Kiarabu kilianzia kwenye ukamilifu, kitu kuwa kizima bila dosari, kikapita kwenye kukabidhi bila pungufu, kikafika kwenye noti juu ya kaunta. Ndugu yake Kiebrania amekwenda moja kwa moja zaidi: kwa mzizi huohuo wanasema "shalom" kwa amani, na "leshalem" kwa kulipa.

Kijana akakisoma kibao tena, kwa sauti, neno moja moja. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake la Kiingereza na kuandika mstari mmoja chini ya mwingine: pax, pay. Salama, taslimu.